Gurudumu Lisilopakwa Mawese

Kwetu Butembo, kitu chochote kinacholia kinapakwa mawese. Bawaba ya mlango, mnyororo wa baiskeli, ekseli ya chukudu, hata goti la babu yangu lililokuwa likimsumbua wakati wa mvua. Chukudu ni ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, ambayo vijana hushuka nayo milimani ikiwa imepakiwa magunia ya viazi vya Lubero. Baba yangu aliishi kwa kuzitengeneza. Grisi ya dukani aliiona ni anasa ya wenye magari, kwa hiyo chini ya meza yake ya kazi lilikaa kopo la mawese, na kwa sababu Butembo ni baridi, mafuta yale yaliganda humo mazito na mekundu. Ungeyachota kwa kidole yasidondoke hata tone. Nilikua nikidhani mawese ni hivyo duniani kote. Kitu kidogo namna hiyo, na mpaka leo nikikifikiria napandwa na hasira.

Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya ufundi, sehemu ya mekanika, katika miaka ambayo kwenye mashamba ya kandokando ya Beni watu walikuwa wakichinjwa na sisi wa Butembo tulikuwa tukipokea waliobaki. Siku za masomo zilikuwa chache. Leo milio ya risasi, kesho ville morte, yaani mji wote unafunga maduka na barabara kwa uchungu, na kesho kutwa maziko. Serikali ilituma maofisa, maofisa walitoa hotuba, hotuba zikaisha, nasi tukarudi kuhesabu nani hajafika nyumbani. Mimi nilikuwa mkali tangu utotoni, na miaka ile ilinipa sababu.

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alikuwa miongoni mwa waliokimbia. Alitoka upande wa Mabalako, alikokuwa na shamba la kakao aliloachiwa na marehemu mumewe. Alifika kwetu na binti yake mmoja tu, sufuria moja, na radio ndogo ya betri iliyofungwa kwa mpira. Baba aliondoa mbao katika chumba cha nyuma wakakaa humo. Yule binamu yangu aliingizwa darasa langu, msichana pekee katika atelie nzima, yaani karakana ya shule, na hakuchukua muda kutuonyesha kwamba hakuja kufagia vumbi la tupa. Alikuwa na ulimi. Akicheka aliinama mbele na kuziba mdomo kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyeungua na uji, na kicheko kilitoka hivyo hivyo kupitia kwenye vidole.

Mwalimu wetu wa atelie alitoka Kasai, ametumwa kwetu na serikali, akisema Kiswahili cha kujikwaa kilichojaa Kifaransa. Ndiye aliyetuletea habari ya mashindano. Wanafunzi wa shule za ufundi wangekutana Beni, kila shule na roboti yake, nayo roboti ipite katikati ya nguzo zilizosimamishwa karibu karibu, ichukue visanduku na kuvipeleka upande wa pili. Alikuwa na mota tatu ndogo na kadi ya elektroniki alizozinunua Kinshasa, akizitunza ndani ya soksi. Magurudumu hakuwa nayo.

"Hapa inafaa roue ya kwenda kila upande," alisema, akachora ubaoni. "Mbele, nyuma, kando. Bila kugeuka. Mukiwa na roue ya kawaida, kwenye nguzo ya kwanza mumekwama."

Binamu yangu alitazama mchoro ule kwa muda mrefu. "Sawa kaa," alisema. Yaani kama kaa wa mtoni, anayekwenda upande. Tangu siku hiyo roboti yetu tuliiita kaa.

Gurudumu la namna hiyo si jambo la uchawi. Chukua sahani ya tripleksi, yaani plaiwudi, kwenye ukingo wake ukate nafasi, na ndani ya kila nafasi ulaze kipipa kidogo cha mti kinachozunguka chenyewe. Mota ikizungusha sahani, gurudumu linakwenda mbele kama gurudumu lolote. Likisukumwa kwa ubavu, vile vipipa vinazunguka na gurudumu linateleza kando bila kukwaruza. Ukiweka magurudumu matatu ya hivyo chini ya roboti, kila moja likitazama upande wake, unaweza kuituma popote bila kuigeuza uso. Hayo ni maneno. Kazi yenyewe ilitutoa ngozi za vidole.

Vipipa tulivichonga kwa mti wa mukaratusi, ule ule wa chukudu, mabaki kutoka kwa baba. Tulivitengeneza vinene katikati na vyembamba pembeni, ili vikikaa pamoja ukingo wa gurudumu uwe mviringo. Ekseli zake zilikuwa spoku za baiskeli zilizokatwa. Juu ya kila kipipa tulivisha pete tuliyoikata kwenye mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, ili kishike sakafu. Gurudumu la kwanza lilikuwa aibu. Kati ya kipipa na kipipa palikuwa na pengo, na roboti ilipita ikirukaruka kama gari kwenye barabara yetu. Binamu yangu ndiye aliyependekeza tuweke sahani mbili mgongo kwa mgongo, kipipa cha huku kikae mbele ya pengo la kule. Mwalimu alisema ndivyo wanavyofanya hata Ulaya. Binti akajibu kwamba basi Ulaya wamemuiga, akaziba mdomo akacheka.

Tuligawana. Mimi gurudumu moja, mwalimu moja, binamu yangu moja. Yote yalilia. Mti juu ya chuma, kelele ya kukereketa meno. Sikufikiri mara mbili, nilikwenda nyumbani nikaleta kopo la baba, na mwalimu naye akachota, kwa kuwa alikuwa ameishi Butembo muda wa kutosha kuambukizwa.

"Mimi hapana," binamu yangu alisema, akalivuta gurudumu lake mbali na kopo. "Mashindano iko Beni. Beni kuko joto. Hii mawese yenu itayeyuka itoke inje, itapaka mupira yote. Mutateleza sawa sabuni."

"Baba anapakaka chukudu tangu sijazaliwa," nikamwambia. "Hakuna chukudu ilishateleza juu ya mawese."

"Chukudu ya Butembo! Nyie batu ya baridi hamujuake mafuta. Kwetu mawese tunamimina, nyie munakata na kisu."

Mwalimu aliinua mikono. "Bon. Wewe fanya kwa namna yako, sisi kwa namna yetu. On verra, tutaona."

Namna yake ilikuwa hii. Alichukua betri zilizokufa za radio ya mama yake, akazivunja, akatoa kile kijiti cheusi cha ndani, ambacho kwetu huitwa makala, yaani makaa. Katika shule ya kijiji chao walizoea kusaga weusi wa betri na kuupaka ubao, na alikuwa amegundua akiwa mtoto kwamba unga wa kijiti chenyewe unateleza kwenye vidole. Aliusaga juu ya jiwe, akautia kwenye matundu ya vipipa vyake kimoja kimoja, na kelele ikaisha. Mikono yake ilibaki myeusi wiki nzima. Shangazi alimgombeza kwa ajili ya betri, akasema zilikuwa bado na uhai kidogo ukizianika juani.

Roboti ilikamilika. Ilikwenda mbele, ilikwenda kando, ilipita kati ya miguu ya meza za atelie bila kugusa. Niliona watu wakubwa wakiingia na kutoka wakitabasamu, na katika miaka ile tabasamu la mtu mkubwa halikuwa jambo la kila siku.

Kisha mashindano yakaahirishwa. Barabara ya Beni ilikuwa imeshambuliwa, magari yamechomwa. Yakapangwa tena, yakaahirishwa tena. Shule ikafungwa, na nyumbani kwetu chakula kikawa kinagawanywa kwa vinywa vingi kuliko sufuria. Kule Mabalako kakao ya shangazi ilikuwa imeiva, na watu walisema kumetulia, askari wameongezwa. Kila mara walisema kumetulia. Shangazi alifunga kitambaa chake, na binti akasema hawezi kumwacha mama avune peke yake wakati yeye hana shule wala mashindano.

Asubuhi ya kuondoka alipita atelie, akazungusha gurudumu lake kwa kidole, akalisikiliza.

"Mukienda bila mimi, mutoe ile mawese," alisema.

"Tutakungojea," nilijibu.

Shangazi alirudi peke yake. Alirudi nyuma ya pikipiki, bila viatu, na matope yaliyokauka mpaka kiunoni. Walikuwa wakipasua maganda ya kakao wakati wale wauaji walipotokea upande wa msitu. Yeye alikuwa ameshuka mtoni kuchota maji, akajilaza ndani ya matete akiwa na maji mpaka shingoni. Aliwasikia majirani wakifa. Aliporudi shambani hakukuta mwili wa binti yake. Alikuta kisu chake cha kakao na kandambili moja, na nyayo nyingi zikielekea porini. Wamemchukua. Walikuwa wakiwachukua vijana wawabebee mizigo, na wasichana kwa mambo ambayo shangazi hakuyataja wala sisi hatukuuliza.

Nimeona watu wakipokea maiti. Ni vibaya, lakini kuna jeneza, kuna misa, kuna siku ya kunyoa. Shangazi hakupewa chochote. Padri alipomwombea binti yake, hakujua asome sala ya wafu au ya wasafiri, akasoma zote mbili, na shangazi akatoka kanisani kwa hasira. Kisha alikuja atelie, akasimama mbele ya roboti.

"Mutu asifungue hii kitu," alituambia. "Iko vile aliacha. Ikae vile, mpaka arudi."

Hakuna aliyeifungua. Tuliifunika kitambaa.

Ikawa kazi ya shangazi kuwatafuta wote waliotoroka porini au kukombolewa na askari, awaulize kama wamemwona. Nilimsindikiza mara nyingi. Mmoja wao, mama mtu mzima, alimwambia jambo ambalo halikumtoka tena kichwani. Alisema viongozi wa porini wana radio, wanasikiliza habari za Beni kila jioni ili wajue askari wako wapi, na mateka wanasikia. Shangazi alitaka kukimbia siku hiyo hiyo kupeleka tangazo, kumwita mwanawe. Yule mama alimshika mkono.

"Hapana, hapana fanya vile. Bakisikia familia inaita mutu, ule mutu banamuua, ao banamupeleka mbali zaidi. Banaogopa atakimbia."

Hivyo radio ilikuwapo, sikio la binti pengine lilikuwapo, na kati yao mama hakuruhusiwa kutia neno. Alikuwa akikaa mlangoni na ile radio yake iliyofungwa mpira, habari zikisomwa, akiitazama kana kwamba inamzuilia kitu chake.

Ndipo mashindano yalipotangazwa kwa mara nyingine, safari hii kwa kweli. Mwalimu alikuja nyumbani kutuambia, akitaja kwa kupita tu kwamba timu itakayoshinda itahojiwa na radio ya Beni. Shangazi, ambaye roboti aliiita robo, alinyanyua kichwa.

"Batasema robo ya nani imeshinda?"

"Oui, mama. Batasema shule, batasema Butembo."

"Hiyo haiko kuita mutu," alisema polepole. "Hiyo ni habari tu. Akisikia robo ya Butembo imeshinda, atajua ni ile yake. Atajua tuko bazima, tunamungojea." Akanigeukia. "Mushinde."

Sijapewa amri nzito kuliko hiyo maishani mwangu. Wengine walikuwa wakienda Beni kutafuta cheti na kupigwa picha na mkubwa fulani. Sisi tulikuwa tukienda kushinda ili msichana mmoja aliye porini asikie.

Tulipoifunua roboti, magurudumu mawili yalikuwa yamekauka na kulia. Vumbi la atelie lilikuwa limenywa mafuta yote ya zamani. La binamu yangu lilizunguka kimya kama siku aliyoliacha. Shangazi alikuwa amekataza kufungua, na kupaka kwa nje si kufungua, kwa hiyo mwalimu na mimi tulichota mawese kwenye kopo la baba tukayasukumiza ndani ya vipipa kwa kijiti, kwa wingi, ili tuwe na uhakika. Asubuhi ilikuwa ya ukungu. Mafuta yalikaa pale tulipoyaweka, mazito, safi, hayatiririki. Nani mwenye akili ya Butembo angeyashuku mafuta ya namna hiyo? Kama lile onyo lilipita kichwani mwa mwalimu, sijui. Kichwani mwangu kulikuwa na neno moja tu, mushinde.

Tulisafiri katika msafara wa magari, askari mbele na nyuma. Shangazi alikaa dirishani na roboti ikiwa mapajani, imefungwa katika kitenge. Kwenye kizuizi kimoja askari aliamuru tushuke. Alikuwa kijana kutoka magharibi ya nchi, asiyejua Kiswahili, naye alipofunua kitenge akaona nyaya, alirudi nyuma na kuinua bunduki.

"Oyo nini? Bombe?"

Mwalimu alianza kumweleza kwa Kilingala, jasho likimtoka, kwamba ni roboti ya bana kelasi, ni mchezo wa wanafunzi. Askari hakuamini. Alinyoosha kidole, akagusa gurudumu mojawapo, likazunguka. Akagusa kipipa, kikazunguka nacho, upande wake. Akakigusa tena. Sura yake ilibadilika ikawa ya mtoto, akamwita mwenzake aje aone. Shangazi alimtazama wakati wote bila kupepesa macho.

"Mwambie," alimwambia mwalimu, "mutoto aliyetengeneza roue iko mu pori. Mwambie aende amutafute kule. Hapa hakuna kitu."

Mwalimu hakutafsiri. Nilitamani kutafsiri mwenyewe, kwa matusi, lakini askari alikuwa ameshatupungia mkono tupite.

Ukimaliza mteremko wa Kabasha, hewa inabadilika. Wasafiri walivua makoti. Mimi nilivua langu, nikalikunja, nikalilaza juu ya roboti ili isipigwe na jua.

Ukumbi wa mashindano ulikuwa na paa la bati na watu wengi kuliko madirisha yake. Walikuwapo maofisa kwenye viti vya mbele, na mwandishi wa radio, kijana mchangamfu mwenye kinasa sauti shingoni. Sakafu ilikuwa saruji laini, nguzo zimesimamishwa. Roboti za wengine zilikuwa na magurudumu ya kawaida, na kwenye nguzo za katikati zilikwama moja baada ya nyingine, zikirudi nyuma, zikigonga. Niliona wazi kabisa kwamba tutashinda. Shangazi alikuwa amesimama ukutani, viganja vyake amevibana pamoja.

Tulipoitwa, nilimfunua kaa nikamweka chini. Kitenge kilikuwa na doa jekundu, kubwa. Nilidhani damu. Nilitazama vidole vyangu, vinang'aa. Mawese yalikuwa yameyeyuka njia nzima, yakatoka kwenye vipipa, yakaenea juu ya pete za mpira za magurudumu yale mawili, na sasa yalikuwa yakidondoka kwenye saruji kama mchuzi. Nilimtazama mwalimu. Alikuwa ameshaona. Msimamizi akapiga filimbi.

Mota zilizunguka zote tatu, maskini, kwa bidii moja. Lakini magurudumu mawili, la kwangu na la mwalimu, yalikuwa yakiteleza mahali pamoja, hayashiki kitu. La binamu yangu ndilo pekee lililokuwa kavu. Lilishika sakafu, na roboti ikaanza kuzunguka kulizunguka gurudumu lile, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, ikichora duara jekundu. Mwalimu alibonyeza simu yake, ambayo ndiyo iliyoiongoza roboti, aiambie iende mbele. Ikazunguka. Aiambie iende kando. Ikazunguka. Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi ya ngoma, wengine wakamfuata, na roboti yetu ikacheza kwa makofi yao mpaka filimbi ya pili.

Shangazi hakucheka. Alitoka ukutani, akapita mbele ya wale wakubwa, akapiga magoti, akaanza kufuta sakafu kwa kitenge alichokuwa amejifunga juu ya gauni. Nilipiga magoti karibu naye.

"Ya kwake ni gani?" aliniuliza.

Nikamwonyesha. Alipitisha kidole juu ya vipipa, akakitazama. Kilikuwa na weusi kidogo, hakina mafuta.

Mwandishi wa radio alikuja kusimama juu yetu, bado akicheka, akanisogezea kinasa sauti. "Ndugu, juu ya nini robo yenu inacheza vile? Ni danse gani hii ya Butembo?"

Hapo ndipo hasira yangu yote, ya miaka yote, ilimwangukia kijana yule asiye na kosa.

"Unacheka nini?" nilimfokea. "Ni mawese! Tuliweka mawese ku roue mbili, imeyeyuka. Ile moja ya kavu, dada yangu alitengeneza na makala ya betri. Alitukatazaka. Alisema Beni kuko joto, itayeyuka. Hatukumusikia. Ni ile roue yake tu iko nafanya kazi, lakini moja haiwezi kubeba ingine mbili. Umeelewa? Sasa cheka!"

Aliacha kucheka. Alisema merci, akaondoka kwenda kwa washindi, timu ya Beni iliyokuwa na magurudumu ya kawaida na uvumilivu. Nilimwona shangazi akiwatazama wakihojiwa, midomo yake ikisogea. Sijui kama alikuwa akisali au akisema yale ambayo tungesema sisi.

Msafara haukurudi siku ile. Tulilala kwenye nyumba ya parokia, na jioni, tulipokuwa tukila fufu na sombe, mpishi alifungua radio. Habari za usalama zikapita, shamba gani limeshambuliwa, wangapi. Kisha mashindano. Walitaja washindi, wakawapa nafasi ya kusalimia wazazi. Mwalimu alinyoosha mkono kuzima. Ndipo mwandishi yule akasema kuna kichekesho cha siku, roboti moja ya Butembo iliyozunguka kama imelewa, na mara nikasikia sauti yangu mwenyewe, kali, ikipasuka, ukumbi ukicheka nyuma yake. Mawese. Makala ya betri. Alisema Beni kuko joto. Hawakukata hata neno. Nilitamani kuingia chini ya meza.

Shangazi alikuwa ameacha kula. Tonge lilikuwa bado mkononi.

"Amesikia," alisema. "Kama angali, amesikia. Haukumuita jina. Haukusema arudi." Kisha akaniambia kwa Kinande wasingya, asante, neno ambalo hakuwa amelitumia tangu alipotoka Mabalako.

Tuliirudisha roboti Butembo. Mwalimu alihamishwa baadaye akaenda zake na mota ndani ya soksi, kwa ruhusa ya shangazi. Gurudumu la binamu yangu nililibakiza, liko dirishani kwa shangazi.

Muda mrefu ulipita. Watu waliendelea kufa, wengine waliendelea kurudi. Mwaka mmoja, msimu wa maharagwe, tulisikia kwamba kuna mwanamke kijana aliyekombolewa na askari, amepokelewa na ndugu zake Vuhovi. Nilimpakia shangazi kwenye pikipiki tukaenda. Tulimkuta uani akipukuchua maharagwe, mwembamba, haoni vizuri jicho moja. Shangazi alimweleza binti yake alivyo, urefu wake, rangi yake, kovu la mkononi. Mwanamke alitikisa kichwa.

"Jina sijui, mama. Kule banatubadirisha bote majina. Basichana tulikuwa bengi." Aliendelea kupukuchua. "Kulikuwa moja, alikuwa anatokaka Mabalako, labda alikuwa yeye. Mangaribi moja chef, mukubwa yao, alikuwa anasikiliza radio, habari ya Beni. Banasema juu ya robo ya Butembo, sijui imepakwa mawese, inazunguka tu. Kijana moja anapiga kelele mule. Huyu musichana akacheka. Kule hakuna mutu anachekaka, mama. Yeye akainama, akaziba kinywa na mikono yote mbili, vile, na kicheko inatoka tu. Hakuweza kuacha. Bakamupiga na fimbo, anacheka. Bakamupiga tena. Kisha bakatugawanya, bamoja ngambo ile, bamoja ngambo ingine. Sikumuonaka tena."

Alikuwa ameweka maharagwe chini, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili kutuonyesha. Nilitazama pembeni, nikaona pikipiki, nikaona kuku, nikatafuta kitu chochote cha kutazama. Sauti ile iliyopiga kelele ndani ya radio ilikuwa yangu.

Shangazi alijisogeza karibu na yule mwanamke mpaka magoti yao yakagusana.

"Rudilia," alisema.

Mwanamke alirudia. Radio, mawese, robo inazunguka, msichana anainama, mikono miwili mdomoni. Alipofika kwenye fimbo, shangazi aliinua mkono wake.

"Hapana. Ile acha. Rudilia pale anacheka."

Mwanamke alinitazama mimi. Akaanza tena kutoka kwenye radio.